Adabu ya Kuazima: Ushauri kwa Vijana Wanaojenga Programu kwa Vipande vya Wengine

Mto Luvua, kusini-mashariki mwa Kongo, hutoka Ziwa Mweru kule Pweto, ukateremka hadi Ankoro unakoungana na Lualaba. Njiani, pale Piana-Mwanga, kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilijenga kituo cha umeme katika miaka ya 1930. Umeme wenyewe ulikuwa wa Manono: ulisafiri kwenye nyaya hadi kwenye migodi ya bati na tanuri la kuiyeyusha. Fundi wa Manono aliyebonyeza swichi asubuhi hakuhitaji kujua lolote kuhusu mitambo ya Luvua. Aliazima nguvu za mto kupitia waya, akafanya kazi yake. Kisha vikaja vita vya mwisho wa miaka ya 1990. Mitambo ikanyamaza, na vyote vilivyoutegemea waya ule vikazimika pamoja nayo.

Mto haukuacha kutiririka hata siku moja. Kilichokatika ni kazi ya watu waliokuwa wakiutunza mtambo.

Nawaandikia vijana wa Kalemie, Manono na Piana-Mwanga, pamoja na wenzenu wa Lubumbashi, Bukavu na Kigoma, mnaoandika programu za maduka, shule, zahanati na vikundi vya akiba. Siku hizi hakuna anayeandika programu nzima peke yake. Tunachukua kipande hapa, huduma pale, tunaunga. Ni jambo jema, na wengi wetu tungefaa kulifanya zaidi. Lakini kuazima kuna adabu yake. Ujue unaazima kwa nani na kwa masharti gani, na ujue pia utabaki na nini siku mwenyewe atakapokitaka chake.

Kinu na mashine ya kusaga

Kuna vitu viwili ambavyo wanaoanza huvichanganya. Kipande ni msimbo uliokwisha kuandikwa na mwingine, unaoupakua ukakaa kwenye kompyuta yako. Ni kama kinu ulichonunua: hata aliyekichonga akihama kijiji, wewe utaendelea kutwanga. Huduma ni mashine ya kusaga ya jirani. Unapeleka muhogo mkavu, unarudi na unga, na hujui mashine inatumia mafuta gani. Jirani akifunga au akipandisha bei, bukari ya jioni iko mashakani.

Vyote viwili vina mahali pake. Wazo la kuunda programu kwa vipande vilivyo tayari, kama viwanda vinavyounda gari, ni la zamani: Doug McIlroy alilitetea mwaka 1968 katika mkutano wa wataalamu wa programu huko Garmisch, Ujerumani. Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kugeuka ghasia, Ory Okolloh na wenzake waliutengeneza mtandao huo kwa siku chache tu, mwanzoni mwa 2008. Watu walituma taarifa za matukio, na kila tukio likaonekana kwenye ramani. Waliweza kwenda kasi hivyo kwa sababu ramani ilikuwapo tayari, ujumbe wa simu ulikuwapo tayari, na zana huria za kujengea tovuti zilikuwapo tayari. Kazi yao ilikuwa ule uzi wa kuvishona. Mwaka 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, programu ileile ikatumika huko. Walioazima wakawa sasa wanaazimwa.

Daftari la akina mama

Tushike kazi moja tuifuate hadi mwisho. Katika vijiji vyetu vingi kuna kikundi cha akiba na mikopo, kile ambacho mashirika hukiita AVEC. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mzunguko ukifika mwisho, baada ya takriban mwaka, fedha zote hugawanywa kulingana na hisa.

Kikundi cha namna hii kiliwahi kuniita. Daftari lao lilikuwa limelowa mvua mara mbili, na hesabu za mwaka uliopita zilikuwa zimeleta maneno. Niliwaonyesha simu, nikawaeleza kwa majivuno jinsi kila hisa itakavyoruka hadi kwenye seva na risiti kurudi kwa ujumbe. Mama Prezida alinisikiliza hadi nikamaliza, akaniuliza: “Mwanangu, na siku ambayo mtandao umelala, sisi tutalala na sanduku wazi?”

Nilikuwa sijalifikiria. Mengi ya ushauri unaofuata ni jibu la swali lake, ambalo sikuwa nalo siku ile.

Kata kilicho chako

Kabla ya kupakua chochote, chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande wa kushoto andika mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukuandikia. Kwa kikundi chetu ni haya: bei ya hisa, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii hutoa kiasi gani kwa msiba, nani anaruhusiwa kukopa na mara ngapi ya hisa zake. Upande wa kulia andika yaliyobaki: mahali pa kutunza kumbukumbu, saa na tarehe, ujumbe wa simu, malipo, nakala za akiba.

Upande wa kushoto ni wako. Andika mwenyewe, polepole, ukikaa na wanachama. Upande wa kulia, azima.

Tazama mfano mdogo. Mwisho wa mwaka sanduku lina faranga 2,701,000, na hisa zote ni 1,800. Ukigawanya, kila hisa inapata faranga 1,500 na kipande cha faranga kisicho na noti. Ukitoa 1,500 kwa kila hisa, zinabaki faranga 1,000. Ni za nani? Hakuna maktaba ya programu yenye jibu. Katika kikundi kimoja zitaingia mfuko wa jamii, katika kingine zitafungua mzunguko mpya, kwingine watanunua sabuni ya kunawia siku ya mgao. Mwanaprogramu anayeiacha kompyuta ikadirie juu au chini bila kuuliza atakuwa ameleta ugomvi kwenye sanduku la watu.

Kwa upande wa kulia, usijifanye shujaa. Mahali pa kutunza kumbukumbu, kwa mfano, tayari unapo mfukoni: hifadhidata ya SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android. Haidai seva wala intaneti, na kumbukumbu zote hukaa ndani ya faili moja unayoweza kuinakili. Kijana anayetumia miezi mitatu kubuni hifadhidata yake mwenyewe anaiba miezi mitatu ya kuelewa kanuni za kikundi.

Na kabla ya kuunga lolote, uliza kama mfumo mzima upo tayari. Ukiitwa na kituo cha afya, kumbuka kwamba Kongo ina kanda za afya 519, na taarifa zao huingizwa katika DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Ukijenga mwingine wa kushindana nao, muuguzi ataandika taarifa ileile mara mbili, kisha ataacha wako. Jenga kile kinachomrahisishia kuulisha ule uliopo.

Saa, pesa na majina ya mahali

Kuna vitu vinavyoonekana vyepesi mno hata mtu akasema, “hiki nitakiandika mwenyewe usiku mmoja”. Hivyo ndivyo vya kuazima kwanza.

Chukua saa. Nchi yetu ya Kongo ina majira mawili: Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Kalemie ni saa saba. Programu iliyoandikwa Kinshasa kwa pupa huweza kuandika malipo ya saa sita na nusu usiku ya mtu wa Kalemie katika siku iliyopita. Kwa bahati nzuri, majira ya dunia nzima yameshaorodheshwa katika hazina moja ambayo karibu kila simu na seva huitumia. Humo mna Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Tumia jina hilo la pili kwa jimbo la Tanganyika, ilipo Kalemie, usiandike “ongeza saa moja” kwa mkono.

Lakini sikiliza pia kisa cha hazina hiyo. Ilianzishwa na Arthur David Olson, na kwa miaka mingi ilitunzwa na watu wachache wa kujitolea. Tarehe 6 Oktoba 2011 ilifungwa ghafla, kwa sababu kampuni moja ya unajimu ilikuwa imewashtaki watunzaji kuhusu haki za takwimu za saa za zamani. Siku chache baadaye ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti, ikaipokea, na mwaka uliofuata shauri likaondolewa. Saa za dunia zilikuwa zimeegemea mabega ya watu wanaohesabika. Kila kipande unachoazima kina bega kama hilo nyuma yake. Litafute: ni nani, wako wangapi, walifanya kazi lini mara ya mwisho?

Pesa nazo. Sokoni kwetu faranga na dola hutembea pamoja. Usihifadhi tarakimu tupu kamwe. Hifadhi kiasi pamoja na alama yake ya kimataifa, CDF au USD, na kama kimebadilishwa, hifadhi pia kiwango cha siku ile. Anayehifadhi “50” peke yake, mwaka ujao hatajua kama ilikuwa bei ya kalamu au ya mbuzi.

Majina ya mahali pia ni kipande, ingawa watu wengi huyachukulia kama maandishi tu. Mwaka 2015 majimbo ya Kongo yaliongezeka kutoka 11 hadi 26, na Katanga ikagawanyika kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Aliyekuwa ameandika orodha ya majimbo ndani ya msimbo, mahali ishirini tofauti, alilazimika kupasaka pote ishirini. Aliyeiweka kwenye faili moja ya pembeni aliibadilisha faili, akaenda kulala.

Fomu inayoweza kuhama

Ukitaka kuchagua kati ya vipande viwili vinavyofanya kazi moja, usiulize kwanza kipi ni kizuri zaidi. Uliza kipi ni rahisi kukiacha.

Mashirika mengi mashariki mwa Kongo hukusanya taarifa kwa KoboToolbox. Mtu hutembea na simu kijiji kwa kijiji, hujaza fomu bila mtandao, na akifika penye mtandao fomu zote hutumwa. Ukiifunua ndani, utakuta Kobo yenyewe imejengwa juu ya kazi ya wengine: ODK, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Kizuri zaidi ni jinsi fomu inavyoandikwa. Unaiandika kwenye jedwali la kawaida, kama la Excel. Ukurasa mmoja una maswali, mwingine una majibu ya kuchagua, na kila swali laweza kuwa na safu ya Kiswahili na safu ya Kifaransa. Mpangilio huo una jina, XLSForm, na zana zote mbili huuelewa.

Maana yake kwa kikundi chetu ni kwamba fomu ya kuandikisha wanachama unaiandika mara moja. Leo unaipakia Kobo. Kesho masharti yakibadilika, jedwali lilelile unalipeleka kwenye seva yako ya ODK. Umehama nyumba bila kuacha vyombo. Huduma inayokataa kukurudishia taarifa zako katika umbo linalosomeka kwingine, iogope hata kama ni ya bure.

Mlango mmoja

Hapa niungame. Kwa kikundi kingine niliunga huduma ya kutuma ujumbe wa simu ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa rahisi, nami nikaiita kila nilipoihitaji: kwenye hisa, kwenye mkopo, kwenye faini, kwenye mwaliko wa mkutano. Miezi kadhaa baadaye kampuni ikabadilisha namna ya kuitwa. Nilihesabu mahali kumi na nne ndani ya msimbo wangu palipolitaja jina lake. Nilirekebisha kumi na tatu. Pale pa kumi na nne palikuwa pa kukumbusha madeni, na akina mama watano walitozwa faini kwa kutolipa deni ambalo hawakukumbushwa. Fedha niliwarudishia mimi.

Tangu hapo nina kanuni moja: kila huduma ya nje ina mlango mmoja tu ndani ya programu yangu. Sehemu nyingine zote husema “mtumie huyu ujumbe huu”, hazijui unapitia kwa nani. Jina la kampuni, nywila yake na namna ya kuitwa vinakaa nyuma ya mlango huo. Kampuni ikibadilika, nafungua mlango mmoja.

Kanuni hiyohiyo itakulinda kwenye malipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Kongo kupitia Vodacom mwaka 2012. Tuna pia Airtel Money na Orange Money. Usijaribu kujenga ya kwako: kuhamisha fedha za watu kunataka kibali, mtaji na mawakala, na wenzako wamekwisha kuvipata. Lakini usiifunge programu kwa mtandao mmoja. Katika kikundi kimoja utakuta laini za kampuni mbili au tatu, na wapo wasio na simu kabisa. Kwa hiyo nyuma ya mlango wa malipo weka pia njia ya nne: taslimu, mkononi, mbele ya mashahidi. Ndiyo itakayotumika zaidi.

Funga toleo, weka akiba

Kipande ulichopakua mwezi uliopita si lazima kiwe kilekile leo. Machi 2016, mwandishi mmoja aliyegombana na hazina ya vipande ya npm aliondoa vipande vyake. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu: kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Programu nyingi duniani zilikwama kujengwa siku ile, nyingine za makampuni makubwa, kwa ajili ya mistari 11 ambayo mwanafunzi angeiandika kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kipande kidogo kiasi hicho, kiandike. Usiazime chumvi ya kijiko kimoja kutoka mji mwingine.

Vile vikubwa, andika toleo halisi unalotumia, na uweke nakala zake kwenye diski yako. Kwetu hili ni suala la mfuko pia. Penye mtandao wa kudondoka tone kwa tone, kupakua upya mamia ya megabaiti kila unapohamia kompyuta nyingine ni kuchoma fedha.

Kufunga toleo hakumaanishi kulisahau. Desemba 2021 ufa mkubwa uligunduliwa ndani ya Log4j, kipande cha kuandika kumbukumbu za matukio kilichomo katika programu nyingi mno. Wengi walitumia siku kadhaa kujiuliza tu kama wanacho. Wewe tengeneza orodha ya ukurasa mmoja: jina la kipande, toleo, kimetoka wapi, leseni yake, nacho kinafanya nini. Isome mara moja kila mwezi.

Na leseni isome kweli. Programu huria si mali isiyo na mwenyewe. Ya MIT inakuomba utunze jina la mwandishi na tamko la leseni. Ya GPL inakutaka, ukiigawa kazi uliyoijenga juu yake, uwape wapokeaji msimbo wako kwa masharti yaleyale. Hakuna ubaya katika yoyote kati ya hizo. Ubaya ni kuahidi mteja kitu ambacho leseni hairuhusu.

Kufuli tatu

Narudi kwenye lile sanduku. Wenye funguo ni watatu, na anayelilaza nyumbani kwake ni mwingine kabisa. Kijiji kilielewa zamani kwamba uaminifu hauondoi haja ya kugawana funguo.

Sasa tazama mifumo yetu. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyeijenga. Nywila ya seva iko kichwani mwake. Laini ya kutuma ujumbe iko kwa jina la kaka yake. Kijana akipata kazi Lubumbashi, kikundi kinabaki na sanduku lisilo na ufunguo hata mmoja. Sajili kila huduma kwa jina la kikundi, kwa laini ya kikundi. Nywila ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha, bahasha iingie ndani ya sanduku pamoja na fedha. Mwezi wa kwanza, mwombe mtu mwingine aingie kwa kutumia bahasha hiyo, wewe ukiwa umekaa kimya. Akishindwa, bahasha haijakamilika.

Mkutano bila simu

Kabla ya kusema mfumo umekamilika, fanya jambo moja. Chagua siku ya mkutano, zima data, zima hata simu yenyewe katikati ya kazi. Waache waendelee kwa daftari: hisa ziandikwe kwa wino, mikopo itolewe, sanduku lifungwe. Jioni washa simu, na mwandishi aingize yaliyoandikwa. Kama hesabu ya simu na ya daftari zinalingana hadi faranga ya mwisho, umejenga kitu kinachoweza kusimama hata waya ukikatika. Kama hazilingani, tafuta ni kipande gani cha kuazima ulichokisahau, ukitengeneze, uombe mkutano mwingine.

Kikundi kile cha kwanza kilinilazimisha kufanya zoezi hili mara tatu. Mara ya kwanza programu iliandika tarehe ya jana. Mara ya pili ilipoteza faini mbili. Mara ya tatu Mama Prezida alikagua daftari na simu, mstari kwa mstari, kidole chake kikitembea. Alipofika mwisho hakunisifu. Alilirudisha daftari ndani ya sanduku, juu ya fedha, akawaita wenye funguo.